Barua za Flannery O'Connor kwa mwanafunzi aliyeona imani inamtoka: zichapishwe vipi?

Mhariri_wa_Wanafunzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanajukwaa.

Mimi ni mhariri wa jarida dogo la wanafunzi Wakatoliki, na toleo letu lijalo linahusu imani ya mtu anayeanza masomo ya chuo kikuu. Katika kutafuta maandishi ya kujadili tumekutana na barua ambazo mwandishi Mkatoliki wa Marekani, Flannery O'Connor, alimwandikia Alfred Corn mwaka 1962, wakati Corn alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Emory, Georgia. Corn, ambaye baadaye alikuja kufahamika kama mshairi, alikuwa amemsikia O'Connor akizungumza chuoni, akaona haya kumwendea, na hatimaye akamwandikia kwamba anaona hawezi tena kuamini. Jibu la tarehe 30 Mei 1962 ndilo linalonukuliwa zaidi, mara nyingi kwa sentensi mbili tatu tu.

Kamati yetu ya uhariri imegawanyika. Wapo wanaotaka tuitafsiri barua hiyo nzima na kuiweka mwanzoni mwa jarida kama ushauri kwa kila mwanafunzi mwenye mashaka. Wengine wanasema ni barua ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, kwamba aliyeiandika alikuwa mtunzi wa hadithi wala si mlezi wa kiroho, na kwamba tukiichapisha peke yake tutamfanya aseme zaidi ya alivyokusudia. Mimi naelemea upande huo wa pili, ila hoja zangu ni chache. Naomba waliomsoma kwa kina wanisaidie katika mambo mawili: barua hizi zina uhusiano gani na kazi yake ya utunzi, na je, ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mhariri wa jarida la wanafunzi, kama mwenzetu mmoja alivyodai bila kueleza?

Mwalimu_wa_Fasihi

Ndugu mhariri, nianze na swali lako la pili, maana halina ubishi. O'Connor alisoma katika chuo cha wanawake cha jimbo la Georgia mjini Milledgeville, akahitimu mwaka 1945, na katika mwaka wake wa mwisho alikuwa mhariri wa The Corinthian, jarida la fasihi la wanafunzi. Pamoja na hayo alichora katuni za gazeti la chuo, akizichonga kwenye linoleamu na kuzitia alama ya herufi za jina lake zilizopangwa zikafanana na ndege. Katuni hizo ziliwacheka wanafunzi wenzake, walimu, na hata askari wanawake wa jeshi la majini waliokuwa wakipewa mafunzo chuoni hapo wakati wa vita. Alipokwenda Iowa alikusudia kusomea uandishi wa habari, kisha akahamia kwenye warsha ya utunzi iliyoongozwa na Paul Engle. Kwa hiyo alijua vizuri namna kurasa za jarida la chuo zinavyojazwa pale tarehe ya kuchapa inapokaribia, na hilo peke yake lingetosha kukufanya uwe na tahadhari.

Kuhusu swali la kwanza, sikubaliani na wanaozitenga barua na hadithi. Baada ya kubainika kwamba ana lupus, ugonjwa uliomuua baba yake mwaka 1941, O'Connor alirudi kwa mama yake, na kuanzia mwaka 1951 waliishi katika shamba la Andalusia, nje kidogo ya Milledgeville, hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Asubuhi ilikuwa ya kutunga. Saa zilizobaki, kadiri nguvu zilivyomruhusu, zilikuwa za wageni, za tausi wake na za barua. Mtu anayetembea kwa magongo na kukaa mbali na miji ya waandishi anahitaji baraza la kubishania mawazo, na baraza la O'Connor lilikuwa bahasha. Aidha, kuanzia mwaka 1956 aliandika mapitio ya vitabu zaidi ya mia moja katika magazeti ya Kikatoliki ya Georgia, bila malipo ya maana zaidi ya vitabu vyenyewe. Ndiyo sababu kijana anapomuuliza juu ya imani, jibu linakuja na orodha ya vitabu.

Sasa tazama anavyomjibu Corn. Hamwambii kwamba mashaka yake si kitu, wala hamkemei. Anamwambia kwamba hali anayoiona kuwa ni kupoteza imani, ukiitazama kwa mbali, ni mali ya imani yenyewe, na kwamba kilio kile cha katika Injili ya Marko, sura ya 9, cha mtu anayesema anaamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, ndicho sala ya msingi ya imani. Wengi wanaoinukuu barua hukatia hapo. Yeye anaendelea. Anamweleza kwamba mwaka wa kwanza wa chuo humpiga mtu kwa vipande vya mawazo mapya, na kwamba akili inayoanza kuamka hukimbia mbele ya maisha ambayo mwenyewe bado hajayaishi. Kwamba ni mapema mno kwake kuamua kuwa hana imani kwa kuwa tu anahisi hawezi kuamini. Na kwamba anayeitaka imani yake hana budi kuifanyia kazi. Kisha anampa kazi hiyo: kila anaposoma kitabu kinachoupinga Ukristo, atafute kingine kinachoonyesha upande wa pili, na kisipomridhisha atafute kingine tena. Anamtajia Kardinali Newman, mwanafalsafa Gilson na Teilhard de Chardin, yule padre Mjesuti aliyekuwa mtaalamu wa visukuku, na kuhusu huyu wa mwisho anaongeza maneno ninayoyapenda kuliko yote yaliyomo: asimwendee kutafuta majibu, amwendee kutafuta maswali ya namna nyingine.

Hapo ndipo mtunzi anapoonekana. Mwaka mmoja kabla, mwezi Machi 1961, profesa mmoja wa Kiingereza alimwandikia kwa niaba ya walimu watatu na wanafunzi tisini, akimweleza kwamba wamegundua siri ya hadithi yake ya "A Good Man Is Hard to Find": kwamba muuaji anayeiangamiza familia katika hadithi hiyo hakutokea kabisa, bali Bailey, baba wa familia hiyo, alimwaza tu. O'Connor alijibu kwa ukali usiofichika. Alisema tafsiri hiyo iko mbali na nia yake kadiri inavyowezekana kuwa mbali, na kwamba pale ambapo msomaji hana hisia ya hadithi, nadharia haiwezi kumpa. Profesa anapigwa, kijana anavumiliwa. Sababu ni kwamba profesa alikuwa ameifunga hadithi kwa ufunguo mmoja, wakati Corn alikuwa bado anauliza. Katika barua zote mbili O'Connor anapinga jambo lilelile, yaani fumbo kupunguzwa hadi lienee ndani ya kichwa cha msomaji, na ndilo jambo linalowapata wahusika wake wenye elimu kubwa, ambao karibu wote huishia pabaya. Rayber, mwalimu wa shule katika riwaya yake ya mwaka 1960, The Violent Bear It Away, ni mfano ulio wazi kuliko wote, na Corn mwenyewe alimuuliza juu ya riwaya hiyo katika barua za baadaye.

Sista_Msomaji

Milele amina.

Mwanangu mhariri, Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naona amemweka O'Connor upande wa fasihi mno. Mtu anaweza kuwa mtunzi na bado akamlea mwenzake kiroho, hata kama hana cheo hicho na hata kama angekikataa angepewa. Kuna jambo katika barua ya Mei ambalo Mwalimu amelipita, nalo kwangu ni moyo wa barua. O'Connor anasimulia kwamba mshairi Robert Bridges alimwandikia rafiki yake Gerard Manley Hopkins, mshairi mwenzake na padre Mjesuti, akimwomba amweleze namna ya kuweza kuamini, naye Hopkins akajibu kwa maneno mawili tu: atoe sadaka. O'Connor anafafanua kwamba Hopkins alitaka kumwonyesha rafiki yake kuwa Mungu hupatikana katika upendo, kwa kuipenda sura yake iliyomo ndani ya wanadamu, na anamwonya Corn asijitatize kwa hoja za akili hadi akasahau kumtafuta Mungu kwa njia hiyo. Vitabu vinakuja, naam, lakini kabla ya vitabu kuna maskini mlangoni. Ukichapisha orodha ya vitabu na kuiacha habari hii, utakuwa umewapa wasomaji wako mtaala.

La pili, msiichapishe barua ya Mei bila ile ya tarehe 16 Juni 1962. Ya Mei, ikisomwa peke yake, humfariji msomaji mvivu, kwa kuwa inaonekana kusema kwamba mashaka yenyewe yanatosha kuwa imani. Ya Juni inaufunga mlango huo. Humo anamwambia Corn kwamba kama lile linalofundishwa na Kanisa si kweli, basi utulivu wa moyo na usalama linaompa mtu Kanisa hilo havina thamani yoyote, naye ana haki ya kuyakataa mafundisho hayo. Analalamika kwamba dini ya siku zake ilikuwa inageuzwa polepole kuwa ushairi na tiba, na ukweli kufanywa ukungu. Anasema pia kwamba kuzaliwa upya kunakotakiwa na Injili hakudai kifo cha akili. Mtu anayemwandikia hivyo kijana wa miaka 18 hambembelezi abaki.

Nanyi mnaopanga kumtaja Teilhard, kumbukeni tarehe. Barua iliandikwa tarehe 30 Mei, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 30 Juni 1962, Ofisi Takatifu ya Roma, idara iliyosimamia mafundisho ya imani, ilitoa onyo kuhusu maandishi ya padre huyo, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1955. Silisemi hili kumkosoa O'Connor, kwa maana alimpendekeza kabla ya onyo, na kwa tahadhari ile aliyoitaja Mwalimu. Nalisema kwa sababu jarida la Kikatoliki likilinyamazia, atatokea msomaji atakayelifanya kuwa mada ya toleo zima linalofuata.

Nimalizie na jambo ambalo hunifanya niisome barua ya Mei polepole. Rafiki yake mkubwa wa kuandikiana, Betty Hester wa Atlanta, ambaye katika mkusanyiko wa barua za O'Connor uliotoka mwaka 1979 anaitwa "A" tu, alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1956, na O'Connor akawa msimamizi wake wa Kipaimara. Mwaka 1961 Hester aliliacha Kanisa. O'Connor alihuzunika, lakini hakuvunja urafiki wala hakuacha kuandika. Barua ya Corn ilimfikia wakati jeraha hilo halijapoa. Anapomwambia kijana kwamba imani hupanda na kushuka kama maji ya bahari isiyoonekana, huyo ni mtu aliyeyaona maji hayo yakipungua kwa rafiki yake baada ya miaka ya barua nzuri zilizoshindwa kuyazuia.

Msomaji_Mkosoaji

Nimefuatilia kwa makini, na nakubaliana na mengi, ila naomba kamati ya jarida isije ikamchora O'Connor kama mtakatifu wa dirishani. Mwanamke huyu aliyemwandikia Corn kwa upole mwaka 1962 ndiye aliyekataa, katika barua ya Aprili 1959 kwa rafiki yake Maryat Lee, kukutana na James Baldwin, mwandishi mweusi, nyumbani Georgia, akisema kwamba New York angefurahi kukutana naye lakini Georgia ingeleta tafrani, kwa kuwa anafuata desturi za jamii anayoishi. Barua zake za mwaka 1964 kwa rafiki huyohuyo zina maneno makali zaidi kuhusu watu weusi, na baadhi yake hayakuingizwa katika mkusanyiko wa mwaka 1979. Mjadala huo ulipopamba moto mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Loyola Maryland, ambacho ni cha Wajesuti, kiliondoa jina lake kwenye bweni la wanafunzi na badala yake kuweka la Sista Thea Bowman, mtawa mweusi.

Sisemi msimchapishe. Hadithi zake za mwisho zinawavua nguo wabaguzi kwa ustadi ambao waandishi wengi wenye misimamo safi hawakuufikia, na ninaamini ziliweza hivyo kwa kuwa ugonjwa alioueleza aliujua kutoka ndani. Ninachosema ni kwamba wasomaji wenu ni vijana, wataingia mtandaoni jioni ileile na kuyakuta haya. Ni heri wayakute kwenu kwanza, katika aya moja iliyoandikwa kwa utulivu.

Mhariri_wa_Wanafunzi

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Sista, na asante sana ndugu Mkosoaji. Nimeyapeleka majibu yenu kwenye kamati, na waliotaka barua isimame peke yake wamelegea kidogo, hasa kwa hoja ya barua ya Juni. Yamebaki maswali mawili ya kiutendaji. Kwanza, je, zipo barua za Corn mwenyewe tunazoweza kuziweka sambamba, ili msomaji asikie pande zote? Pili, je, tunaruhusiwa kuzitafsiri barua za O'Connor nzima, ikizingatiwa kwamba jarida letu linagawiwa bure?

Kuhusu aya ya ubaguzi wa rangi, mwenzetu mmoja anaona itavuruga mada. Mimi naona iingie, na nitaiandika mwenyewe.

Mwalimu_wa_Fasihi

Marahaba, mwanangu. Kuhusu barua za Corn, mkusanyiko wa The Habit of Being, uliohaririwa na Sally Fitzgerald, una barua za O'Connor peke yake. Kwa hiyo tunamsikia anayejibu, na anayeuliza inatubidi tumkisie kutokana na majibu. Lielezeni hilo kwa uwazi tangu mwanzo. Ni rahisi msomaji kumdhania Corn kuwa kijana mnyonge aliyeokolewa na barua, wakati ukisoma majibu yote kwa mfululizo unaona kwamba alikuwa anabisha: anarudi na swali la hiari ya mwanadamu, anarudi na swali la Rayber, na O'Connor analazimika kueleza zaidi ya alivyotaka. Laiti angekuwa anakubali kila kitu, mawasiliano yale yangekoma kwenye barua ya pili. Semeni pia alikofika. Mkusanyiko wake wa kwanza wa mashairi ulitoka mwaka 1976, na mwaka 1990 alihariri kitabu ambacho waandishi wa siku zake waliandika juu ya vitabu vya Agano Jipya. Msiliweke hilo kana kwamba ni ushindi wa O'Connor. Liwekeni kama wasifu wa mtu.

Na Sista, nakubali kuhusu Hopkins. Ila mimi ningeiweka habari ya sadaka katikati, baada ya msomaji kukutana na mashaka yenyewe, kwa sababu ikiwekwa mwanzoni itasomwa kama mahubiri ya Kwaresima, na vijana wataruka ukurasa.

Mhariri_Mstaafu

Naomba nijibu hilo la ruhusa, kwa kuwa ndilo lililonilisha miaka mingi. Kugawa jarida bure hakuondoi haki za mwenye maandishi. O'Connor alifariki mwaka 1964, kitabu cha barua kilitoka mwaka 1979 kwa wachapishaji Farrar, Straus and Giroux wa New York, na haki bado zina mwenyewe. Kutafsiri barua nzima na kuichapisha kunahitaji kibali cha maandishi. Kunukuu sentensi chache ndani ya makala inayozijadili, mkitaja mahali zilipotoka, ni jambo la kawaida katika uhakiki na mara nyingi halina tatizo, ingawa mipaka yake hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Kwa hiyo ningewashauri muandike makala badala ya tafsiri. Wekeni muhtasari wa barua ya Mei kwa maneno yenu, nukuu mbili au tatu fupi, kisha ya Juni kwa namna hiyohiyo, na kati yake habari ya Hester kwa kifupi. Mtafsiri awe mmoja kwa nukuu zote, la sivyo O'Connor atazungumza kwa sauti tatu katika ukurasa mmoja. Mkiona bado mnaitaka barua nzima, mwandikieni mchapishaji sasa, mkitaja idadi ya nakala, lugha mtakayotafsiria, na kwamba jarida haliuzwi. Majibu ya idara za haki huchelewa, na baadhi hayaji kabisa, kwa hiyo makala iwe tayari na iweze kusimama bila barua hiyo.

Aya ya ndugu Mkosoaji msiifiche chini kabisa kwa herufi ndogo. Iwekeni pale mnapomtambulisha mwandishi, pamoja na mwaka aliozaliwa na shamba na ugonjwa.